Mwembe wa uani haumo katika hesabu

Tarehe 13 Novemba 2023 Wakenya tulipewa mapumziko tupande miti. Ikaja siku nyingine, 10 Mei 2024, ya kuwakumbuka waliokufa kwa mafuriko, na hiyo pia tukaambiwa tushike miche. Lengo la serikali ni miti bilioni 15 ifikapo 2032. Sina ugomvi na miche. Lakini huku bara kwetu, Likoni, Kisauni na Changamwe, mti unaotulisha na kutupa kivuli, na ambao ndio unaoweza kuangukia paa usiku wa mvua, ulipandwa na wazee wetu. Huo hauhesabiwi na mtu, wala haukaguliwi.

Kila masika hadithi ni ile ile. Mwembe unaanguka Mei, mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote hapa Mombasa. Watu wanasema ni kudra, na wiki hiyo hiyo majirani wanaleta misumeno kukata miembe yao mizima kwa hofu. Kudra haikataliwi. Ila nenda ukalitazame shina lililolala: mara nyingi mizizi ya upande mmoja utaikuta ilikatwa zamani kwa sururu, pale palipochimbwa msingi wa ukuta au shimo la choo. Mti haufi siku unapokatwa mizizi. Huendelea kuzaa na kuwa kijani miaka kadhaa, huku upande mmoja hauna cha kuushika.

Na upande wenyewe una maana. Upepo unaokuja na masika ni kusi, kwa hiyo mizizi inayovutwa zaidi ni ya upande wa kusini, kama kamba za hema. Februari hii, kabla kaskazi haijaisha, simama kusini ya mti wako utazame chini. Udongo umepasuka au umeinuka? Kuna uyoga kwenye kitako cha shina? Gonga shina kwa mpini wa panga. Likilia kama ngoma, ndani mna uwazi. Kisha tazama juu. Matawi ya kileleni yakikauka na ya chini yakabaki mabichi, shaka ya kwanza iwe ni mizizi. Sehemu nyingi za Likoni na Kisauni chini ni mawe ya matumbawe, mizizi haipati pa kuzama. Changamwe udongo ni mzito, ukishiba maji hulegea. Kote huko mti unategemea mizizi iliyotambaa karibu na uso wa ardhi, hiyo hiyo tunayoimwagia saruji na kuichomea taka juu yake kila jioni. (Chokaa tunayopaka shinani ni pambo. Inapendeza siku ya Idi, haizuii kuoza.)

Mnazi una mambo yake. Hauzibi kidonda kama mwembe. Kila kata anayotia mkwezi shinani apate pa kukanyaga hubaki maisha. Makuti yaliyokatika kwa umbo la V, kana kwamba mtu kapitisha mkasi, ni kazi ya chonga, yule mdudu mwenye pembe, naye huzaliana kwenye magogo ya minazi yanayooza na marundo ya samadi. Ondoa gogo uani kabla hujanunua dawa. Masizi meusi juu ya makuti nayo si moshi wa viwanda, kama wengi wanavyodhani. Ni ukungu unaoota juu ya utomvu mtamu wa nzi weupe wanaojibanza chini ya makuti. Kupuliza dawa ovyo huua pia wadudu wanaowala nzi hao. Kwa mnazi mmoja mfupi, maji ya mpira kutoka chini yanasaidia zaidi.

Haya si siri. Kinachokwamisha ni nani alipe. Wengi wetu tuna nyumba bila ardhi: kuta zangu, kiwanja cha mwingine. Mwenye nyumba hatoi shilingi kwa sababu mti si wake, mwenye ardhi haonekani ila siku ya kodi, na embe wanakula wote. Waliopata hati za shamba la Waitiki kule Likoni kuanzia Januari 2016 hawana tena udhuru huo. Mti ni wao, na kuanguka kwake ni kwao. Kwa waliobaki, mwambao huu una desturi ya zamani ya mnazi kuwa wa huyu na ardhi ya yule, kwa hiyo mapatano si jambo geni. Pigeni picha mti, mwandikiane mbele ya mzee wa mtaa kabla Machi haijaisha: nani analipa fundi, nani anachukua kuni.

Na fundi mwenyewe umchague. Anayetaka kuukata mwembe kichwa chote mwambie asante. Machipukizi yanayotoka hapo yameshikwa na ganda tu, na yakinenepa ndiyo yanayokatika. Msimu wa maembe ukiisha, aondoe yaliyokauka, yaliyopasuka na yanayolalia bati. Aanze kukata chini ya tawi ndipo amalizie juu, lisichune ganda la shina, na auache ule uvimbe pale tawi linapoungana na shina, maana kidonda hufungwa kutoka hapo.

Tawi likigusa waya wa umeme, asipande yeye wala wewe. Piga 97771, na ukae ukifuatilia mpaka waje.