Mikono Iliyokufa Ganzi: Funzo kutoka Kombewa



Wiki hii tunaiacha pwani ya bahari na kwenda pwani ya ziwa. Tulikuwa Kombewa, katika eneo la Seme, magharibi ya Kisumu, tukiwazuru jamaa zetu. Alfajiri moja kijana wa nyumba ile alirejea kutoka kuvua omena, dagaa wa huko. Mamake alikwisha kumtengea maji ya kutawadha, lakini kijana alishindwa hata kufungua vifungo vya shati. "Mama, vidole hivi si vyangu," alisema. Kisha akatusimulia kwamba usiku ule mashua iliyumba, akashika ukingo wake, mkono usikaze. Lau si mwenzake kumdaka, angalikwenda na maji.

Huenda msomaji wa Lamu au Mombasa akauliza: ni baridi gani hiyo, karibu na Ikweta? Maji ya Ziwa Viktoria aghalabu huwa na nyuzijoto baina ya 23 na 28. Lakini mwili wa binadamu una 37, na maji hunyonya joto lake kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Omena nao huvuliwa usiku wa giza, kwa mwanga wa taa uwavutao. Mvuvi huvuta nyavu zilizolowa kwa muda mrefu, naye amelowa, upepo ukimpiga.

Wapiga mbizi wa nchi za baridi wanaijua siri ya jambo hili. Mwili unapopoteza joto, hupunguza damu iendayo vidoleni ili moyo, mapafu na ubongo visipoe. Basi mkono hupashwa moto kuanzia kifuani. Ndiyo maana mpiga mbizi hategemei glavu pekee. Hujifunika kiwiliwili na kichwa kwa vazi zito la mpira. Glavu zenyewe humkaa barabara, kwani maji kidogo yaliyonaswa ndani hupata joto la ngozi, ilhali glavu pana huingiza maji mapya kila mara.

Akina mama, hapa ndipo penye kazi yetu. Anayekwenda ziwani au baharini usiku ale ashibe, kwani chakula ndicho kuni za mwili. Avae kofia na koti la kuzuia upepo. Achukue chupa ya chai ya moto, na sweta kavu ndani ya ndoo yenye kifuniko. Zaidi ya yote, avae jaketi la kuokolea maisha: humwelesha hata mikono inapokataa kushika. Wapo wasemao kwamba kileo hupasha mwili moto. Kileo ni haramu, na isitoshe, hufungua mishipa ya ngozi na kulitorosha joto.

Akirudi, avuliwe nguo mbichi kwanza, ajifunike blanketi, mikono aiweke kwapani au katika maji ya vuguvugu yaliyojaribiwa na mtu mwingine. Asiiweke juu ya jiko, maana mkono wenye ganzi huungua bila kuhisi. Wala jiko la makaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa. Hewa yake huua.

Na wakati wa ibada, maji yapashwe moto. Dini yetu haikumtaka mja ajidhuru. Sahaba Amr bin al-Aas (r.a.), katika safari ya Dhatus-Salasil, alichelea kuoga janaba usiku wa baridi kali, akatayamamu na kuwaswalisha wenziwe. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa sababu alicheka, wala hakumlaumu.

Tulipoaga Kombewa, mama yule alikuwa ameanika sweta mbili juani, moja ya kuvaa na moja ya akiba. Mwenyezi Mungu awahifadhi wanaotafuta riziki majini, na awarejeshe salama kwa wanaowangoja. Amin.