Redio mbovu isiuzwe kwa kilo

Redio nyingi za zamani hapa Runzewe huishia kwenye mizani ya vyuma chakavu. Kwa maoni yetu, hiyo ni hasara kwa muuzaji. Kapasita mpya zipo madukani, bali transista za jemaniamu, mfano OC71 ya Philips, ziliacha kutengenezwa miaka mingi iliyopita. Leo fundi huzitoa ndani ya redio nyingine mbovu. Vivyo hivyo vitufe na kioo cha masafa.

Mwenye mtaji mdogo anunue redio mbovu mbili tatu za aina moja, afufue moja. Kabla ya kulipa, asome namba ya modeli nyuma ya kasha. Kwa namba hiyo fundi hutafuta mchoro wa saketi kwenye intaneti; bila namba atabahatisha, na gharama ni ya mnunuzi.