Kabla ya Kuihukumu Motere



Baba mmoja wa jamaa hapa Bukavu alitujia jioni moja, uso wake umejaa mashaka. Gari lake la esansi, alilolinunua likiwa limekwisha kutumika ng'ambo, ndilo linalolisha nyumba yake kwa kazi ya teksi. Kwa siku kadhaa lilikuwa likitetemeka liliposimama, na likipungukiwa nguvu katika vilima vyetu. Fundi mmoja alilisikiliza kitambo kidogo, akatikisa kichwa, akasema: «Motere imekufa. Nunueni nyingine.» Bei aliyoitaja ilikuwa sawa na fedha zote ambazo mama wa nyumba alikuwa ameziweka kwa masomo ya watoto watatu. Baba akafikiri njia nyingine: kuliuza gari upesi kwa jirani asiyejua habari hizo. Mkewe akamwuliza neno moja tu: «Na jirani akituuliza lina nini, tutamjibu nini?»

Tulimshauri asifanye hili wala lile kabla ya kupima. Motere haihukumiwi kwa kelele zake tu. Iko njia ya kuipima, na jamaa yenye uangalifu yaweza kuifuata nyumbani kwake.

Ndani ya kila silinda pistoni hupanda na kuikandamiza hewa pamoja na esansi, kabla cheche haijaiwasha. Kama hewa hiyo inavuja, nguvu ya gari hupotea. Yaweza kuvuja kando ya pete za pistoni. Au katika supapu, yaani milango midogo ya kuingizia hewa na kutolea moshi. Au katika gasketi iliyo chini ya kulasi, kifuniko kizito cha juu ya motere. Kiko chombo chenye mshale, kinachofungwa katika tundu la buji, ambacho hutuonyesha kwa bari ukubwa wa mgandamizo.

Jumamosi tulikusanyika uani. Tuliwasha motere mpaka ikapata moto wake wa kazi, kisha tukaizima na kungoja ipoe kiasi cha kuweza kuigusa, kwa sababu meno ya tundu la buji katika kulasi ya alumini huharibika upesi wakati wa moto mkali. Katika magari ya siku hizi kila buji ina bobini yake, na kila silinda ina injekta inayonyunyiza esansi. Basi tulichomoa waya za bobini zote na za injekta zote, tukiziandika namba ili tusizichanganye. Bila hivyo esansi ingeosha mafuta yanayolainisha silinda, na mvuke wake ungeweza kushika moto. Tulipuliza vumbi katika matundu, tukatoa buji zote nne, tukazipanga juu ya kitambaa kwa taratibu yake.

Kijana mkubwa wa nyumba aliketi penye usukani, gia ikiwa huru na breki ya mkono imevutwa. Alikanyaga kichapuzi mpaka chini ili hewa ipite bila kizuizi. Katika magari mengi mapya kichapuzi hakivuti kamba, bali hupeleka habari kwa umeme. Kwa hiyo tulitazama kwanza kama kile kibati cha njia ya hewa kimefunguka kweli. Kisha akageuza ufunguo, na motere ikazungushwa na umeme wa bateri mpaka mshale ukaacha kupanda, kama mapigo sita au manane. Kila silinda ilipewa idadi ile ile ya mapigo. Bateri nayo ilikuwa imejaa, kwa maana bateri dhaifu huzungusha polepole, na kipimo hudanganya.

Mama ndiye aliyeandika, katika daftari lake la matumizi ya nyumba: silinda ya kwanza bari 11, ya pili 11, ya tatu 7, ya nne 10 na nusu.

Baba akashika kichwa. «Kitabu cha gari hili kinataka 13! Basi zote nne zimeharibika.»

Hapa ndipo wengi hupotea. Bukavu iko mita 1500 hivi juu ya bahari, na uzito wa hewa yetu umepungua kwa karibu sehemu 15 katika 100, ukilinganishwa na ule wa pwani. Lakini hesabu za vitabu, kwa kawaida, ni za nchi za chini. Motere yenye kupata bari 13 kando ya bahari itapata kama 11 hapa kwetu, nayo ni nzima kabisa. Kwa hiyo tusitazame namba moja peke yake, bali tuzilinganishe silinda kama ndugu wa tumbo moja. Kanuni ya mafundi wengi ni hii: iliyo ya chini isipungue robo tatu ya iliyo ya juu. Robo tatu ya 11 ni 8 na robo. Ndugu watatu walikuwa na afya; yule wa tatu peke yake alikuwa mgonjwa.

Tulimimina kijiko kidogo cha mafuta ya motere katika silinda hiyo, tukapima tena. Kama mshale ungepanda sana, tungejua ya kuwa pete za pistoni zimelika, kwa maana mafuta huziba mwanya wake kwa kitambo. Mshale ulibaki penye 7. Basi kosa lilikuwa juu, katika supapu au gasketi. Na kwa kuwa silinda za jirani zilikuwa nzima, tulidhani zaidi supapu. Gasketi ikipasuka kati ya silinda mbili, mara nyingi zote mbili hupungua pamoja.

Tulirudisha buji, tukizianza kwa vidole kabla ya kutumia ufunguo, pasipo kukaza kupita kiasi. Juma lililofuata fundi mwingine alifungua kulasi mbele ya baba. Supapu moja ya kutolea moshi ilikuwa imeungua ukingoni. Fedha za masomo ziliguswa, hatukatai, lakini hazikuisha, na watoto watatu wako shuleni.

Tunaongeza maonyo mawili. Gari la mazuti lisipimwe kwa chombo cha esansi, kwa sababu mgandamizo wake ni mkubwa mara mbili au zaidi. Wala msimimine mafuta katika silinda zake, maana yaweza kuwaka. Na gari lenye motere ya esansi pamoja na ile ya umeme, lenye waya nene za rangi ya chungwa, mwachieni fundi aliyelisomea, kwani umeme wake unaua.

Ukurasa ule wa daftari sasa umekunjwa pamoja na hati za gari. Siku litakapouzwa, mnunuzi atausoma, na swali la mama litakuwa limepata jibu lake. Amri ya nane haikuwekwa kwa ajili ya mahakama tu. Yatuhusu pia penye soko la magari.

Na yule fundi wa kwanza? Baba alitaka kumtangaza katika mtaa mzima kuwa ni mwizi. Tulimkumbusha ya kuwa hatujui lililokuwa moyoni mwake. Labda alitamani faida, labda alikosa chombo tu. Tulimwomba baba amwendee, amwonyeshe namba zile kwa upole. Tukikataa motere ihukumiwe kwa kusikilizwa tu, itakuwaje tumhukumu hivyo mwenzetu?