Ziwa Victoria: Maradhi ya samaki wa vizimba hayajui mpaka

Sato anayeogelea akijizungusha, macho yakiwa yamemtoka, aghalabu ameshambuliwa na bakteria wa jamii ya streptokokasi. Hutokea zaidi majira ya joto, vizimba vikiwa vimesongamana. Hata hivyo, samaki wanapoelea wamekufa, jibu la kwanza ufukweni huwa ni upungufu wa hewa majini. Mwaka 2022 ndiyo sababu iliyotajwa baada ya vifo vingi upande wa Kenya, na yaweza kuwa kweli. Lakini samaki aliyekosa hewa ndiye bakteria humwingia kwa wepesi. Bila kupima ubongo na figo zake maabarani, sababu moja hujificha nyuma ya nyingine.

Katika Ziwa Volta nchini Ghana, watafiti walichunguza vinasaba vya bakteria waliowaua sato wa vizimba, wakakuta wanafanana sana na wale wa Asia. Maji ya Volta hayafiki Asia. Kinachoshukiwa ni samaki hai waliosafirishwa.

Hapo ndipo penye uzito kwa ukanda wetu. Ndani ya ziwa, mkondo hupeleka ugonjwa kizimba hadi kizimba, hasa mizoga isipoondolewa. Kati ya ziwa na ziwa, Kivu likiwemo, hubebwa na vifaranga ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni. Kenya, Uganda na Tanzania zimekuwa na shirika la pamoja la uvuvi tangu 1994, makao yake Jinja. Kifaranga mgonjwa huweza kuonekana mzima kabisa, na afisa wa mpakani asiye na maabara humruhusu apite.