Kisu cha Mfukoni: Baba Aulize Nini Kabla ya Kununua

Siku ya gulio Murongo, mtoto wa darasa la sita anamshika baba yake mkono mbele ya meza ya visu. Anataka kile cha kukunja. Baba anauliza bei tu, kumbe kuna swali la kutangulia: kimetengenezwa wapi, na kwa chuma gani?

Vingi vya bei nafuu hutoka China. Victorinox, vile vyekundu, hutengenezwa Ibach, Uswisi, na kampuni iliyoanza mwaka 1884. Okapi, chenye mpini wa mbao, kilianza Ujerumani mwaka 1902 kwa soko la makoloni ya Afrika; siku hizi hutengenezwa Afrika Kusini.

Chuma chake ni cha namna mbili. Cha kaboni, kama cha Okapi, hunoleka upesi kwa jiwe la nyumbani, lakini hushika kutu, na kikimenya ndizi mbichi hugeuka cheusi. Kifutwe, kikaushwe, kipakwe mafuta ya kula kidogo. Cha Victorinox kimechanganywa na kromiamu, ndiyo maana hakishiki kutu kirahisi. Sumaku haitamsaidia mnunuzi: kwa kawaida hunasa vyote viwili.

Mtoto wa Kagera aambiwe pia kwamba chuma cha kaboni si kigeni kwao. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walieleza kuwa mababu wa eneo la Wahaya walikifua zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Hewa ya mivukuto ilipita kwenye mabomba ya udongo yaliyoingia ndani ya tanuri, ikapata joto kabla ya kufika kwenye makaa.

Halafu vidole. Kisu kisicho na komeo hujikunja kikisukumwa kwa ncha, na kidole kiko njiani. Baba akikunjue, atikise ubapa. Ukicheza, akirudishe mezani. Kisu butu nacho ni hatari, maana hulazimisha mkono kutumia nguvu kisha huteleza.

Mtoto akate kuelekea mbali na mwili, ampe mwenzake kikiwa kimekunjwa, wala asiende nacho shuleni. Kwa mwanzo kikae kwa baba, kitoke jioni wakati wa kumenya ndizi, wawili wakiwa wameketi pamoja.