Matembezi ya vikundi yasiwe ya vijana wa kiume peke yao

Mama yangu mdogo, mkazi wa Kibiti mjini, alipokutwa na presha aliambiwa mambo mawili: apunguze chumvi na afanye mazoezi. La chumvi alilielewa. La pili alirudi nalo nyumbani akaniuliza, "Mwanangu, mimi na baibui langu nikakimbie wapi?"

Swali lake ni la haki. Kule delta alikokulia, hakuna aliyehitaji kuambiwa afanye mazoezi. Kulima mpunga na kupiga kasia vilitosha. Alipohamia mjini akafungua genge, na kutoka nyumbani hadi gengeni ni bodaboda. Wali uko palepale, jasho ndilo limepungua.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5. Si lazima kukimbia. Kutembea kwa haraka, kiasi kwamba unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, kunatosha. Moyo hupata nguvu, na misuli hutumia sukari iliyomo kwenye damu.

Peke yako utatoka siku tatu, ya nne utalala. Sisi wa Kibiti tuna na sababu nyingine. Mwaka 2017, wakati wa yale mauaji, bodaboda zilizuiwa kutembea usiku na watu wakazoea kujifungia mapema. Hali ile imepita, lakini mwanamke kutoka peke yake asubuhi na mapema bado ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Wakiwa kumi, ni habari nyingine.

Vikundi vipo. Ukienda Mbagala au Temeke Jumapili asubuhi utakutana na klabu za jogingi, fulana za rangi moja na filimbi. Zanzibar kila Januari 1 ni siku ya mazoezi. Bara, Bi Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais alizindua kampeni ya mazoezi Desemba 2016, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Kwetu, anzia kwa afisa michezo wa halmashauri, maana klabu zinazotaka usajili hupitia kwake. Au wasimamishe wale vijana njiani uwaulize wanakutana wapi.

Najua Waislamu wengi hawazipendi klabu hizi, kwa muziki wake, nguo za kubana na mchanganyiko wa wanaume na wanawake. Hoja hizo zina uzito. Lakini tukizisusa tu, anayebaki na presha yake ni mama. Kabla ya kujiunga uliza: wapo wanaotembea, au wote wanakimbia? Wanawake wana safu yao na kiongozi wao? Wanaanza baada ya sala ya Alfajiri, au wanaigonga? Na wanapita wapi? Tangu Daraja la Mkapa lichukue nafasi ya kivuko cha Ndundu mwaka 2003, mabasi ya Lindi na Mtwara hayana pa kusubiri, na Barabara ya Kilwa si mahali pa kutembea kundi zima.

Majibu yasiporidhisha, anzisheni lenu. Kina mama wa kikoba tayari wana orodha ya wanachama, mwenyekiti na siku ya kukutana. Nanyi waume, msiwe wagumu wa ruhusa. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alishindana mbio na Bi Aisha.

Mwenye kisukari avae viatu vya kufunika vidole na akague nyayo akirudi. Anayetumia insulini abebe kitu kitamu. Mwenye maumivu ya kifua aonane na daktari kwanza.

Mama mdogo amepata wenzake wanne wa kikoba. Wanaanza Jumamosi, Insha Allah, kwa njia ya mashambani, na tatizo lililobaki ni mmoja wao anayetaka kuja na kandambili.