Polisi na Mlango wa Nyumba Yetu

Ndugu wafanyakazi wa mine, na ninyi wote wakaaji wa site,

Wazee wetu hawajasahau wakati wa Wabelgiji. Mtu mweusi alitembea na buku ya kitambulisho mfukoni. Kuhamia mji mwingine kulitaka karatasi. Kupita usiku katika mji wa wazungu kulitaka karatasi ingine. Walisema: ni kwa ajili ya usalama. Tunauliza: usalama wa nani?

Tarehe 30 Juni 1960 tulipata Uhuru, lakini wezi hawakuisha siku ile. Hatusemi polisi wakae bure. Mtu anayetoka kazi ya usiku anataka njia salama, na bibi yake anataka kulala bila hofu. Polisi wafuate mwizi, na sisi tuwasaidie.

Lakini kufuata mwizi si kufungua sanduku la kila mtu, wala kusoma telefone yake penye barière. Katiba ya 2006 inasema wazi. Artikle 29: nyumba ya mtu haiingiliwi ila kwa njia ya sheria. Artikle 31: barua yake na maneno yake ya telefone ni siri, ila pale sheria inaporuhusu.

Wengine wanasema: asiye na kosa haogopi. Si kweli! Asiye na kosa naye ana mambo ya ndoa yake, ya deni lake, ya chama chake.

Basi, askari akija kupekua, tumuulize kwa heshima: nani amekutuma, na karatasi ya parke iko wapi? Kuuliza si uasi. Ni kushika sheria.